Kruzi ya Galveston na mama mkwe: matembezi ya Jamaica, Cayman na Cozumel, yapi yalifaa hela na yapi yalitutoa jasho

Ndani ya wiki hii watu watatu wameniuliza kuhusu ile kruzi ya Desemba, yaani safari ya meli ya mapumziko kutoka Galveston, Texas, kwa hiyo naandika mara moja yaishe. Meli yenyewe sitaiongelea sana, meli ni meli, chakula kipo mpaka unakichoka, watoto wanapotelea kwenye bwawa unawaona wakati wa kula tu, basi. Naongelea kule kushuka bandarini na familia nzima, maana hapo ndo hela inapokwenda na hapo ndo watu wanaponuniana.

Tulikuwa 6. Mimi, baba watoto, mkubwa wa miaka 14 ambaye kila kitu anakiona cha kitoto, wa kati 9, wa mwisho 4, na mama mkwe aliyekuja kututembelea Houston kutoka Tanga, miaka 71, magoti yote mawili yanamsumbua na havuki mlango bila baibui lake. Tuliondoka Galveston Jumapili, siku mbili bahari tupu, Jumatano Falmouth Jamaica, Alhamisi Grand Cayman, Ijumaa Cozumel ya Mexico, Jumamosi bahari tena, Jumapili nyumbani.

Kwanza viza, kwa wale wenye wazazi wanaokuja kutembea. Mama mkwe anatumia pasi ya Tanzania na viza ya Marekani ya kuingia mara nyingi, na hilo neno mara nyingi liangalieni vizuri kabla hamjalipa chochote, kwa sababu meli ikishatoka Galveston na kwenda nchi nyingine mgeni wako ameshatoka Marekani, kama viza ilikuwa ya mara moja ameshaitumia. Mexico wanapokea mwenye viza hai ya Marekani bila kudai ya kwao. Bandari nyingine kila moja ina sheria zake kwa kila pasi, sisi tuliwaandikia watu wa meli miezi miwili kabla, tukasubiri majibu kwa maandishi, nikayaprinti nikayaweka pamoja na pasi. Baba watoto alinicheka na hiyo faili, siku ya kupanda meli yule dada wa kaunta alivyoanza kuuliza maswali ndo akanyamaza.

Sasa matembezi. Kwenye apu ya meli kuna orodha ndefu, picha nzuri, bei kwa kichwa, na bei ya kichwa kimoja haitishi ila ukizidisha mara sita unafunga simu unaenda kunywa maji. Nikaingia mtandaoni nikakuta kampuni moja, jina naliacha, inauza matembezi yaleyale karibu nusu bei. Nikajiona mjanja sana. Nikabuku kwao Jamaica, maporomoko ya Dunn's River, watu sita, nikalipa yote, nikaletewa vocha kwenye barua pepe: kukutana nje ya geti la bandari saa tatu asubuhi. Imeandikwa hivyo tu, saa tatu.

Saa tatu ya nani?

Hii ndo sehemu nataka muisome taratibu. Jamaica haibadilishi saa mwaka mzima, Cayman vilevile, na Cozumel pia kwa sababu jimbo lao la Quintana Roo tangu 2015 linakaa saa moja tu mwaka mzima. Texas inabadilisha. Kiangazi wote mnakuwa sawa, hakuna tatizo, ila Desemba visiwa vyote hivyo vinakuwa saa moja mbele ya Galveston. Meli yetu ilibaki na saa ya Texas safari nzima. Wengine wanasogeza saa za meli usiku, yetu haikusogeza. Na simu zetu zote tulizizima mtandao tusije tukapigwa bili ya rominga, kwa hiyo nazo zilikuwa zinasoma saa ya Texas, hakuna cha kutushtua. Tukanywa chai bila haraka, mama mkwe akapata uji wake wa oti, tukashuka, tukatembea polepole kwa ajili ya magoti, tukafika getini saa tatu kasoro dakika tano tumefurahi tumewahi.

Hakuna basi. Hakuna mtu mwenye kibao. Nikamuuliza askari wa getini, akaniangalia kwa huruma akaninyooshea saa ya ukutani, saa nne kasoro tano. Basi limeondoka karibu saa nzima iliyopita. Mama mkwe naye akatazama saa yake ya mkono, ambayo tangu atoke nyumbani amekataa kuibadilisha, anasema ndo inamwambia wanawe Tanga wako wapi, akasema, "Mbona kwetu sasa hivi wanajiandaa na magharibi." Kweli, Tanga ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Tulikuwa na saa tatu tofauti kwenye familia moja na hakuna hata moja iliyotusaidia.

Kuwapigia hao watu ikawa kazi nyingine. Namba ya kwenye vocha inaita inakatika, kwenye mtandao wao kuna roboti la kujibu maswali, nikaandika stori yote likanijibu "samahani kusikia hivyo, je ungependa kubuku tena?" Hela haijarudi mpaka leo. Wamesema muda wa kukutana ulikuwa wazi. Kosa langu nalikubali, kujua saa ya nchi niliyokwenda ni kazi yangu, ila mtu anayeuzia watu wa meli kila wiki anajua fika kwamba wateja wake wanatembea na saa mbili, maneno mawili tu "saa ya Jamaica" yangetosha. Nyota 1, na hiyo ni kwa sababu mfumo hauruhusu sifuri.

Baadaye nilivyotulia nikaona hata tungewahi lile basi ningekuwa nimekosea tu. Kutoka Falmouth mpaka Dunn's River ni upande wa Ocho Rios, zaidi ya saa nzima barabarani kwenda, na kurudi hivyohivyo. Halafu yale maporomoko watu wanayapanda kwa miguu ndani ya maji, mmeshikana mikono mstari mrefu juu ya mawe, njia ya karibu mita 180 mpaka juu. Na mama mkwe wa magoti na mtoto wa miaka 4! Nilikuwa nimeangalia picha, sikuangalia watu wangu.

Tukachukua teksi pale nje, yenye pleti nyekundu, ambayo ndo alama ya gari lenye leseni ya kubeba abiria Jamaica, zisizo na pleti nyekundu msipande hata akikupa bei ya bure. Tukakubaliana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hatujafunga mlango. Dereva akawatazama wazee na watoto akasema twendeni Martha Brae, ni karibu, na kweli dakika kama 15 tukafika.

Martha Brae ni mto, na mnaushuka kwa chelezo cha mianzi, kirefu, kina kiti cha watu wawili kwa nyuma na kamtoto kanaweza kubanwa katikati, nahodha anasimama mbele anasukuma kwa pondo. Zaidi ya saa nzima taratibu, maji ya kijani, kivuli juu, hakuna injini. Bei ni kwa chelezo, siyo kwa kichwa, kwa hiyo kwa watu sita tulilipia vitatu tu. Mama mkwe nilikuwa na wasiwasi atakataa kupanda, akapanda mwenyewe, akakunja baibui vizuri, akakaa, na baada ya dakika kumi akaanza kumuelekeza nahodha kwa mikono. Alikulia karibu na mto Pangani, kupiga pondo siyo jambo geni kwake. Yule kaka alikuwa anamwita Mama tangu mwanzo, na pale maji yalipotulia akamkabidhi pondo, mama mkwe akaisukuma mara tatu bila kusimama, kaka akapiga makofi. Hakuna aliyekuwa na simu mkononi kwa wakati huo. Mimi nilikuwa chelezo cha nyuma na wa mwisho usingizini mapajani.

Mkubwa alinuna. Mto wote. Alitaka maporomoko na alikuwa ameshawaambia wenzake shuleni. Nyota 5 kutoka kwa watu watano, 2 kutoka kwake.

Wakati wa kurudi dereva akasimama kwa mama mmoja anayechoma vitu kando ya barabara, na hapo mama mkwe akapiga kelele kama ameona ndugu. Shelisheli! Limechomwa kwenye moto mpaka ganda jeusi, kama linavyochomwa kwetu. Dereva akatuambia lililetwa Jamaica kwa meli 1793 kutoka Tahiti, liwe chakula rahisi cha kulisha watumwa mashambani. Mama mkwe akatafuna kimya kidogo, halafu akasema huyu aliyelichoma amelitoa mapema, lilitaka dakika tano zaidi. Kuku wa jeki (jerk, wa kuchomwa na viungo vya Kijamaika) tulimwacha kwa sababu wavu ulikuwa mmoja na nguruwe, tukala samaki na wali wao wa maharage uliopikwa kwa tui la nazi, hata sihitaji kuwaeleza ladha yake, mnaijua.

Cayman tuliichukua ya meli na nashukuru sana. Pale George Town meli kubwa hazifungi gatini, zinatia nanga nje na mnashushwa kwa boti ndogo, na asubuhi foleni ya boti ni ya kufa mtu. Waliobuku na meli wanaitwa kwanza kwa kundi, wengine wanasubiri namba zao. Kuna familia tulikula nao mezani walikuwa wamebuku nje, mpaka wanafika nchi kavu boti yao ya matembezi imeshaondoka. Na bahari ikichafuka meli inaweza isishushe watu kabisa, ukiwa umelipia kwenye meli hela inarudi yenyewe kwenye akaunti ya chumba, ukiwa umelipia nje unaanza kubembelezana na roboti kama mimi.

Orodha ilikuwa na safari moja ya mchanganyiko, inapita kijiji chenye miamba myeusi kinachoitwa Hell. Nikamtafsiria mama mkwe. "Astaghfirullah, niende Jehanamu kwa nauli yangu?" Tukaiacha. Ilikuwa inapita pia kwenye kituo cha kasa, ambako wanawafuga, wengine kwa kuwarudisha baharini na wengine kwa nyama, maana wenyeji wa Cayman supu ya kasa ndo chakula chao cha heshima. Hapo mama mkwe alitikisa kichwa tu. Machi 2024 pale kisiwa cha Panza, Pemba, walikufa watu 9 baada ya kula kasa, 8 wakiwa watoto, na yeye ana jamaa huko.

Tukaenda Stingray City. Ni fungu la mchanga katikati ya ghuba, boti inawapeleka mbali kabisa halafu mnashuka mnakuta maji ya kiunoni. Zamani wavuvi walikuwa wanaingia pale nyuma ya mwamba kwenye maji matulivu kusafisha samaki wao, matumbo wanatupa, samaki wa pale wanaoitwa stingray wakajifunza kwamba mlio wa boti maana yake chakula, mpaka leo wanakuja. Sasa Kiswahili chake ni taa. Mama mkwe akiwa amekaa juu ya boti na kofia yake juu ya mtandio, akauliza hawa watu wote wamelipa kuja kukumbatia taa? Wa kati, Kiswahili chake cha Houston, akashangaa, "Bibi, taa gani, mbona ni mchana?" Ikabidi aelezwe. Kisha akaelezwa pia ng'onda ni nini, na taa wa kukaushwa anavyopikwa kwa nazi na bamia, akiwa amesimama ndani ya maji na mnyama mwenyewe anampita mguuni, mkubwa kuliko meza yetu ya kahawa. Alirudi kwenye boti haraka sana.

Ila ni kitu kizuri, sitanii. Ngozi yake kwa juu kama uyoga uliolowa. Mwongozaji alituambia tuburuze miguu mchangani tusiinue, ili usimkanyage, maana mwiba upo mkiani na anautumia akikanyagwa tu. Wa miaka 4 hafikii chini, ukimpeleka jua kwamba mtu mmoja kazi yake itakuwa kumbeba mwanzo mpaka mwisho, mimi ndo nilikuwa huyo mtu. Na hapakuwa na kivuli cha kutosha kwenye boti, mzee wako mpe kofia na maji. Nyota 4.

Angalizo la hela za Cayman: vibao vya bei vina alama ya dola ila ni dola yao, ambayo ni kubwa kuliko ya Marekani. Tulinunua aisikrimu na juisi, kibao kimesema 8, tukatozwa 10 za Marekani. Siyo wizi, ndo hesabu ya madukani kwao, ila kwa watoto watatu inauma.

Cozumel ndo tuliyoipanga kwa akili, kwa sababu tulikuwa tumeshapata adabu. Mkubwa alitaka magofu ya Tulum kwa nguvu zote na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu: Tulum haiko kisiwani, unapanda feri kwenda Playa del Carmen kama dakika 45, halafu basi karibu saa nzima, halafu kutembea juani, halafu yote hayo kinyumenyume. Kumbeba kila mtu huko ni ukatili. Tukajigawa. Baba watoto na mkubwa wakaenda na matembezi ya meli, kwa sababu ukiwa nayo mkikwama ng'ambo meli inawajibika na nyinyi, ukiwa na basi lako la mtaani unaweza kuiona meli inaondoka umesimama na feri yako. Mimi, mama mkwe na wadogo wawili tukachukua teksi kwenda Chankanaab.

Ripoti ya Tulum, kwa maneno ya baba watoto: feri iliruka mawimbi, mkubwa akatapika, pale kwenye magofu kivuli hakuna, muda wa kuangalia haufiki hata saa mbili kati ya siku nzima ya kusafiri. Ripoti ya mkubwa: ni kitu bora kuliko vyote alivyowahi kuona, mji wa Wamaya una ukuta, uko juu ya jabali na bahari iko chini yake, na mijusi wakubwa kama kenge wamelala juu ya mawe ya miaka mamia. Alisahau hata kutapika kwake. Kwa kijana wa 14 nampa 5, kwa mtu mwenye mgongo 3.

Chankanaab ni hifadhi ya pwani, unalipa kiingilio mara moja mnakaa siku nzima. Kuna miti, viti vya kulala, vyoo visafi, simba wa baharini, mamba, na bahari ambayo unaingia kwa ngazi moja kwa moja kwenye matumbawe. Wanakataza losheni ya jua kabla ya kuingia majini kwa sababu inaua matumbawe, kwa hiyo wavalisheni watoto zile fulana za kuogelea za mikono mirefu. Wa kati alivaa miwani na bomba la kupumulia akatoa kichwa akipiga kelele ameona kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Mama mkwe alipata mti, akatandika kanga, akaswali adhuhuri kwa nafasi, akalala. Alipoamka akasema leo ndo mapumziko, zile siku nyingine mlikuwa mnanitembeza kama mtalii. Nyota 5.

Safari hii tulikuwa na saa ya mkono ya dola 15 niliyoinunua melini, imewekwa saa ya meli, inavaliwa na mimi tu, hairuhusiwi kuguswa. Tulirudi saa nzima kabla. Tukapanda deki ya juu tukawaona mtu na mkewe wanakimbia gatini na mifuko ya tequila huku meli nzima inawashangilia, mwanaume kandambili moja imebaki nyuma, akasimama, akaitazama, akarudi kuifuata. Mama mkwe akasema huyo ni wangu, namjua. Walikunja ngazi dakika chache baada ya mguu wake kuingia.

Mkitaka ushauri wangu wa mpangilio, dawati la matembezi la melini muwaone siku ya kwanza jioni kabla foleni haijaanza, na muwaulize maswali ya mzee: ngazi ngapi, choo kiko wapi, basi linakaa muda gani. Yule kaka aliyetuhudumia alimwangalia mama mkwe akaniambia waziwazi kwamba mbili nilizozichagua hazimfai, angeweza kuchukua hela yangu akanyamaza. Viatu vya maji nunueni Houston, melini bei ni mara mbili. Noti ndogondogo za dola za bakshishi muwe nazo tangu nyumbani.

Ile kampuni ya vocha wiki iliyopita wamenitumia barua pepe nyingine. Wanataka niwape nyota.